Aliyetwaa Ardhi Hakutwaa Haki

  Jioni hii nina swali moja tu, msikilizaji. Tawala zinazoingia nchi ya watu kwa nguvu, kwa nini mwishowe huondoka? Na zikiondoka, ni nini hasa kilichoziondoa?

Sisi wa Taita Taveta tuna la kusema juu ya jambo hili. Kati ya mwaka 1888 na 1963 nchi yetu ilitawaliwa na kampuni ya biashara iliyopewa mamlaka ya serikali, kisha na serikali yenyewe ya Uingereza, na huko Taveta ikapepea kwa muda bendera ya Ujerumani. Wote hao walichimba misingi kama watu waliokuja kukaa milele. Leo hakuna hata mmoja aliyebaki, na vijana wetu wanapofundishwa habari hizi shuleni huambiwa tarehe tu, kana kwamba tawala huisha kwa kufika tarehe.

Tuanze na lililo rahisi. Ukishika barabara ya Taveta kutoka Voi, ukaipita Mwatate na Bura, ukazipita Maktau na Mbuyuni, kabla hujaingia Taveta kuna kilima kifupi kiitwacho Salaita. Tarehe 15 Agosti 1914, vita kuu ya kwanza ikiwa haijatimiza hata mwezi, askari wa Kijerumani walivuka mpaka wakaitwaa Taveta. Baadaye wakakigeuza Salaita kuwa ngome, wakachimba mahandaki, na kwa miezi kumi na tisa sehemu hii ya himaya ya Mwingereza ikawa mikononi mwa Mjerumani.

Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walipeleka watu wapatao 6,000 kukirudisha kilima hicho. Wengi wao walikuwa Wazungu wa Afrika Kusini, wageni wa nyika hii, waliokuwa wakiwadharau waziwazi askari wenzao wa Kihindi. Walipigwa vibaya wakarudi nyuma, na waliosimama imara kuwakinga walikuwa Wabaluchi wa jeshi la India, walewale waliodharauliwa. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts hakukivamia tena kilima uso kwa uso. Alizunguka kwa upande wa Chala, na Wajerumani wakakiacha Salaita wenyewe wasije wakazingirwa. Mapigano yakahamia vilima vya Latema na Reata, na Taveta ikabadilisha bwana.

Watu wa Taveta hawakuulizwa neno na upande wowote. Jeshi moja lilikuja, jeshi kubwa zaidi likalitoa, na hapo hatuhitaji mwanafalsafa wa kutufafanulia. Kigumu ni kinachofuata. Yule aliyeshinda mwaka 1916, Mwingereza, alitoka vitani akiwa na nchi kubwa kuliko aliyoingia nayo. Tanganyika yote ikawa chini yake. Hakuna jeshi la kigeni lililomfukuza Kenya. Hata hivyo, miaka arobaini na saba baada ya ushindi wake wa Latema na Reata, alikunja bendera yake. Huyu ndiye wa kumchunguza.

Kabla ya serikali ilikuja kampuni. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipata hati yake mwaka 1888 chini ya Sir William Mackinnon, na njia yake ya kwenda bara ilipita katika nchi ya Wataita. Wakati huo Wadawida, Wasaghalla na Wakasigau hawakuwa na mfalme. Walikuwa na wazee, koo, mashamba ya milimani, misitu mitakatifu ya fighi, na walizijua njia za maji. Msafara uliotaka kupita ulinunua chakula na kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kama ulivyofanya katika nchi nyingine zote za njiani. Kampuni iliiona hongo hiyo kuwa unyang'anyi. Kati ya waliokataa kuinamisha kichwa alikuwa Mwang'eka, kiongozi wa vita wa milima ya Dawida. Mwaka 1892 Kapteni Nelson, aliyekuwa amevuka misitu ya Kongo pamoja na Stanley, alimshambulia, na Mwang'eka akauawa.

Sasa tazama. Kampuni ilimuua Mwang'eka mwaka 1892, na mwaka 1895 kampuni yenyewe ikafa. Haikuuawa na mkuki. Iliishiwa na fedha. Serikali ya Uingereza ikaichukua nchi tarehe 1 Julai mwaka huo, na wenye kampuni wakalipwa pauni 250,000 waende zao. Miaka mia tano kabla ya hapo, Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis, alikuwa ameshaandika katika Muqaddima yake kwamba mtawala anapojiingiza katika biashara huwaharibia raia wake na huiharibu hazina yake mwenyewe. Raia hawezi kushindana na mfanyabiashara mwenye askari. Huacha kuzalisha, na kisicholimwa hakitozwi kodi. Kampuni ya Mackinnon ilitaka kuwa mchuuzi, hakimu na jeshi kwa wakati mmoja, ikashindwa yote matatu ndani ya miaka saba. Ninapowasikia watu wakisema Afrika ilitekwa kwa sababu Wazungu walikuwa na mpango, huikumbuka kampuni hii. Mpango wake ulikuwa deni.

Serikali iliyoirithi ilikuwa na akili zaidi. Machiavelli wa Florence, aliyeandika kitabu chake juu ya watawala mwaka 1513, alimfundisha mtekaji kwamba nchi iliyozoea kujitawala ina njia tatu tu za kushikwa: uiangamize, au uhamie ukaishi humo, au uwaachie wenyewe sheria zao, watoe kodi, na uwasimike wachache miongoni mwao ambao bila wewe hawana kitu. Mwingereza alipenda hiyo njia ya tatu. Mwaka 1902 ilipitishwa sheria ya kuwaweka wakuu wa vijiji, na katika nchi ambayo haikuwahi kuwa na chifu mmoja wa wote, machifu wakatengenezwa. Kazi yao ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba, kutafuta vibarua na kufikisha amri. Sikusudii kuwasuta wote. Wapo waliojaribu kusimama kati ya nyundo na watu wao. Lakini cheo chenyewe kilitoka kwa mgeni na kiliweza kurudi kwake siku yoyote.

Njia hii ina hatari yake, na sisi watu wa pwani tuliijua zamani kuliko Waingereza. Wareno walipojenga Fort Jesus mwaka 1593 waliamini wameishika Mombasa. Walimuua kwa hila Sultani Hasan, wakamchukua mwanawe Yusuf angali mtoto, wakamlea Goa, wakambatiza jina la Dom Jerónimo, kisha wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao. Elimu walimpa, dini walimpa, cheo walimpa. Mwezi Agosti 1631 Yusuf bin Hasan aliingia ngomeni akamuua kapteni wa Kireno, na waliosalimika walikuwa wachache mno. Machiavelli hakumjua Yusuf, maana alikufa karne moja kabla yake, lakini alishaandika kwamba anayedhani zawadi mpya huwasahaulisha wakubwa majeraha ya zamani anajidanganya. Wareno waliirudia ngome, wakakaa humo hadi Waomani walipoizingira kuanzia mwaka 1696 na kuitwaa Desemba 1698. Miaka mia na mitano walijifungia ndani ya kuta za matumbawe, na nje ya kuta hizo hawakupata mtu wa kuwalilia.

Basi turudi nyumbani, kwenye ardhi, maana hapo ndipo nadharia na historia yetu zinapokutana uso kwa uso.

Machiavelli ana mashauri mawili juu ya mali ya waliotekwa, na naona yanapingana. Mahali pamoja anamshauri mtekaji apeleke walowezi. Walowezi, anasema, hawana gharama kama jeshi, na wanaowaumiza ni wachache, wale tu wanaonyang'anywa mashamba na nyumba. Hao wakiwa maskini na wametawanyika, hawatamdhuru mtawala. Mahali pengine, katika kitabu hichohicho, anamwonya mtawala asiguse mali ya watu kabisa, kwa kuwa mtu huweza kusahau kifo cha baba yake upesi kuliko kupotewa na urithi aliomwachia. Lipi kati ya haya mawili ni kweli? Je, aliyenyang'anywa shamba ni mnyonge aliyetawanyika ambaye hana madhara, au ni mtu asiyesahau kamwe? Wasomi wamelipitia kila neno la kitabu hicho kwa karne tano. Mimi nasema jibu lipo kati ya Voi na Ziwa Jipe.

Chukua mwaka mmoja tu, 1915. Mwaka huo serikali ilipitisha sheria mpya ya ardhi za mfalme, iliyofanya ardhi walimoishi Waafrika kuwa mali ya mfalme wa Uingereza. Mwaka 1921 mahakama iliieleza maana yake bila kificho: Mwafrika ni mpangaji, anakaa kwa hisani ya mwenye ardhi, na mwenye ardhi ni taji. Mzee aliyezikwa babu yake Sagalla, ambaye fighi ya ukoo wake ilikuwepo kabla ya Uingereza kujua kwamba kuna mlima unaoitwa Sagalla, akawa mpangaji.

Mwaka huohuo wa 1915 reli ya kijeshi ilikuwa inatandikwa kutoka Voi kuelekea Maktau, vijana wetu wakibebeshwa mizigo ya vita. Wapagazi waliokufa katika vita ile ya Afrika Mashariki ni zaidi ya 40,000, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Nenda kwenye makaburi ya Jumuiya ya Madola hapa Voi, au yale ya Taveta, usome majina ya askari jiwe kwa jiwe, kisha uulize mpagazi wako amelala wapi.

Na mwaka huohuo wa 1915 Wakasigau walihamishwa. Wajerumani walikuwa wakivuka mpaka kuja kuharibu reli, na walifika Kasigau. Waingereza wakaamini kwamba wenyeji ndio waliowasaidia. Hapakuwa na kesi, wala mzee aliyeitwa ajitetee. Watu wakateremshwa kutoka mlima wao, wanawake kwa wanaume, wazee kwa watoto, wakapelekwa Malindi. Fikiria, msikilizaji, mtu aliyekulia kwenye ubaridi wa mlima, anayejua chemchemi yake na kivuli chake, unamshusha kwenye joto na mbu wa pwani bila chakula cha kutosha. Walikufa wengi, kwa malaria na kwa njaa. Waliobaki wakahamishwa tena huku na huku kama mzigo usio na mwenyewe, na ilipita miaka zaidi ya ishirini kabla ya watu hao kuruhusiwa kurudi Kasigau. Waliorudi miaka ya thelathini wengi hawakuwa wale waliotolewa. Walikuwa watoto wao.

Haya ndiyo ninayotaka tuyapime kwa mizani ya Waingereza wenyewe. John Locke, mwanafalsafa wao mkubwa, alichapisha mwaka 1689 maandiko yake juu ya serikali, na humo ipo sura nzima kuhusu utekaji. Anasema mtekaji aliyeanzisha vita bila haki hapati haki yoyote kwa ushindi wake, kama vile jambazi hapati haki ya nyumba kwa kuuvunja mlango. Kisha anakwenda mbali zaidi. Hata mtekaji mwenye haki, aliyeshambuliwa kwanza, ana haki juu ya maisha ya wale waliompiga vita, lakini hana haki juu ya ardhi ya wake zao na watoto wao. Kosa la baba halimwondolei mtoto urithi. Locke mwenyewe alikuwa na hisa katika kampuni iliyofanya biashara ya watumwa, na jambo hilo halifichiki. Lakini hoja ikishatoka haina mwenyewe. Tuseme, kwa ajili ya hoja tu, kwamba mtu mmoja wa Kasigau alimwonyesha Mjerumani njia. Kwa mizani ya Locke, mtoto wa Kasigau angali ana haki ya mlima wake. Serikali iliyojifunza sheria kwa Locke ilimpeleka mtoto huyo Malindi.

Sasa kumbuka shauri la kwanza la Machiavelli: wanyang'anywe wachache, wawe maskini, watawanyike, basi. Ndivyo ilivyofanyika. Mashamba ya walowezi yalikatwa Wundanyi milimani. Mashamba makubwa ya mkonge yakatandazwa tambarare za Voi na Mwatate. Upande wa Taveta, mlowezi Ewart Grogan alijipatia ardhi kubwa, na katika miaka ya thelathini akajenga kasri juu ya kilima anakoonekana na kila mtu. Waliopoteza ardhi walikuwa maskini na walikuwa wametawanyika kweli. Hesabu ya Machiavelli ilikuwa imetimia.

Iliharibikia wapi? Iliharibikia kwenye kazi za mtekaji mwenyewe. Alihitaji reli, na reli ikamleta Mtaita, Mkamba, Mkikuyu na Mjaluo kwenye stesheni moja ya Voi. Alihitaji mkonge, na mkonge ukawaweka kambi moja watu wa milima mbalimbali, wenye mshahara mmoja mdogo na msimamizi mmoja. Alihitaji makarani, na misheni ya CMS iliyofika Sagalla mwaka 1883, na ile ya Wakatoliki ya Bura, zikawafundisha vijana kusoma na kuandika. Wale aliowatawanya, akawakusanya kwa mikono yake. Machiavelli aliishi katika miji midogo ya Italia. Hakuwahi kuona mtekaji anayemnyang'anya mtu shamba, kisha akampeleka shule ya kumwezesha kuandika barua ya kulidai.

Barua ziliandikwa. Mwishoni mwa miaka ya thelathini kiliundwa chama cha Taita Hills Association. Viongozi wake, akina Woresha Mengo na Jimmy Mwambichi, walikuwa watu wa kalamu. Hawakuchukua mkuki wa Mwang'eka. Waliitisha mikutano, wakachanga fedha, wakadai ardhi. Jirani zetu Wakamba walikuwa wamewaonyesha njia mwaka 1938, Muindi Mbingu alipowaongoza maelfu kwenda Nairobi kupinga kuuzwa kwa lazima kwa ng'ombe wao, hadi serikali ikarudi nyuma kuhusu ng'ombe, ingawa Mbingu mwenyewe ilimhamishia Lamu. Mwaka 1940 serikali ilivipiga marufuku vyama vitatu kwa mkupuo: cha Wakikuyu, cha Wakamba na hiki chetu cha Taita. Viongozi wakazuiliwa. Ujiulize, nchi iko katika vita vya dunia, Hitler anaiteketeza Ulaya, na gavana wa Kenya ana hofu na chama cha milima ya Taita chenye wakulima na walimu. Nadhani gavana alikuwa na akili timamu. Alijua wanachodai, na alijua hana jibu.

Mwanafalsafa Rousseau aliandika mwaka 1762 kwamba mwenye nguvu hawi na nguvu za kutosha kuwa bwana siku zote asipoigeuza nguvu yake kuwa haki, na utii wa watu kuwa wajibu. Hapo ndipo utawala wa Mwingereza ulipokwama. Alikuwa na miaka hamsini ya kuigeuza nguvu kuwa haki. Alijenga hospitali, ndiyo. Alijenga shule, ndiyo, na zipo zinazofundisha hadi leo, nami sitawanyima wamisionari heshima wanayostahili. Lakini kwenye ardhi, jambo la kwanza ambalo Mtaita angelihesabu kuwa haki, hakuwahi kutoka kwenye neno lake la 1915: wewe ni mpangaji.

Asiyeweza kugeuza nguvu kuwa haki hana budi kuongeza nguvu. Kaskazini ya Voi, kando ya reli na barabara ya Nairobi, ipo Manyani. Leo ni gereza kubwa na chuo cha askari wa wanyamapori. Aprili 1954, katika ile Operesheni Anvil ya kupambana na Mau Mau, jeshi liliizingira Nairobi, likawakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa makumi ya maelfu, na Manyani ikawa mojawapo ya kambi walikotupwa, kwenye joto lile la nyika ambalo sisi tuliozaliwa hapa hatulizoei. Homa ya matumbo ikazuka mwaka huohuo. Walikaa humo maelfu kwa maelfu bila kuhukumiwa na mahakama yoyote.

Wapo wanaoiona Manyani kuwa kilele cha nguvu za mkoloni. Mimi naiona kuwa hati ya kufilisika kwake. David Hume, Mskoti, aliandika mwaka 1741 kwamba wanaotawaliwa siku zote ni wengi kuliko wanaotawala, kwa hiyo serikali yoyote, hata ya kijeshi, inasimama juu ya imani tu: imani ya watu kwamba ina haki, au angalau imani ya askari wake. Serikali inayohitaji seng'enge kwa maelfu ya raia wake imekiri kwamba imani hiyo haipo. Ikabaki ya upande wa pili, imani ya Waingereza wenyewe huko kwao. Nayo ilivunjika mwaka 1959. Tarehe 3 Machi, katika kambi ya Hola kule Tana River, wafungwa 11 walipigwa na askari hadi kufa kwa sababu walikataa kazi ya shuruti. Serikali ilianza kwa kusema wamekufa kwa sababu ya maji waliyokunywa. Uongo huo haukudumu. Bungeni London, mwezi Julai, hata Enoch Powell, mhafidhina asiyeshukiwa kwamba ni rafiki wa Afrika, alisimama kuilaumu serikali ya chama chake mwenyewe. Mwanzoni mwa 1960 mkutano wa Lancaster House ukaanza.

Najua yupo msikilizaji anayesema: ndugu mtangazaji, unatia chumvi. Mwingereza aliondoka kwa sababu vita ya pili ya dunia ilimwacha na madeni, India ilishatoka mikononi mwake, na Marekani haikutaka kumwona na makoloni. Hoja hiyo ni nzito na siikwepi. Madeni yalikuwepo. Lakini mwenye deni huuza kwanza kile kinachomgharimu kuliko kinachomlipa. Kenya ilimgharimu kwa sababu ya askari, kambi, magereza na mahakama za kunyonga, na hayo yote yalitokana na ardhi. Kama watu wangekuwa wameukubali utawala ule, usingehitaji fedha nyingi hivyo kuulinda. Ibn Khaldun alishaieleza hesabu hii pia: dola changa hutoza kidogo ikapata kingi, dola iliyochoka hutoza kingi ikapata kidogo.

Mwingine atasema Wataita hawakupigana Mau Mau, basi ushindi haukuwa wetu. Huyo simkubali hata kidogo. Aliyepigwa marufuku mwaka 1940 pamoja na chama cha Wakikuyu alikuwa kwenye orodha ya wapiganaji kabla ya msitu wa Nyandarua kupata mpiganaji wake wa kwanza. Kuandika barua ya kudai shamba, ukijua utazuiliwa kwa ajili yake, nako ni kupigana.

Hapa ningependa kunyamaza, msikilizaji, nikakuacha na 1963. Siwezi, kwa sababu kuna ardhi ambayo haikujua kwamba mwaka 1963 ulifika.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliitangaza Tsavo kuwa mbuga ya taifa. Hesabu inayotajwa siku zote ni kwamba takribani asilimia 62 ya kaunti yetu imo ndani ya mbuga. Ongeza mashamba ya mkonge na ranchi, kisha uwatafute watu. Utawakuta wamebanwa milimani kwenye vipande vya kurithiana, au wamekaa tambarare kama maskwota kwenye ardhi wasiyo na hati miliki, wakikesha kupiga madebe ndovu wasimalize mahindi. Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, mipaka hiyo ilibaki vilevile. Bendera ilibadilika, ramani haikubadilika. Serikali za baada ya uhuru si za utekaji. Tunazichagua, tunazing'oa, tunazisema redioni kama hivi, na hakuna anayetuhamishia Malindi. Tofauti hiyo ni kubwa na ililipiwa kwa damu. Ila kwenye ardhi, serikali hizo zilijiweka katika kiti cha mtekaji bila kuuliza alikipataje, na swali la Locke halimtofautishi mtekaji na mrithi wake. Linauliza tu: mtoto wa yule aliyeondolewa, urithi wake uko wapi?

Swali hilo limefika mezani kwa serikali rasmi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, na dhuluma za ardhi, za pwani zikiwemo, zimo humo. Katiba ya 2010 iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi na kuipa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Kisha mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria iliyoweka muda wa kupeleka madai hayo. Muda wenyewe ulikuwa miaka mitano. Ulikwisha mwaka 2021.

Machiavelli, ambaye hakuna anayemtuhumu kwa huruma, aliandika kwamba watu waliowahi kuishi huru hawasahau uhuru wao, hata muda mrefu ukipita na hata wakitendewa mema. Wakasigau walidumu ugenini zaidi ya miaka ishirini na bado walirudi mlimani kwao. Sheria ile ya 2016 ilidhani madai yao, na ya Wasaghalla, na ya Wataveta walio kando ya mashamba makubwa, yanaweza kukusanywa na kufungwa ndani ya miaka mitano, mingine ikiwa ya janga la korona ambapo ofisi zilifungwa na wazee wetu walikuwa wamejifungia nyumbani.

Kwa hiyo nina ombi, na nalielekeza kwa majina ya vyeo: kwa wabunge wetu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, kwa mwakilishi wa wanawake, na kwa seneta. Ifungueni upya sheria ile. Ondoeni ukomo wa muda. Na ninyi wasikilizaji mlio na wazee waliosimuliwa habari za Malindi na wazazi wao, waulizeni mwezi huu huu majina ya waliokwenda, walikozikwa, na mashamba yalikuwa kati ya mto gani na mto gani. Yaandikeni kwenye daftari, wazee watie sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi, nakala moja mpeleke kwa chifu na moja mbaki nayo. Tume itakapofungua mlango, muwe wa kwanza kuingia.